Kabla hujatuma namba ya malipo, omba picha ya mti

Wadau, masika yakikaribia maulizo ya chensoo huwa yanaongezeka. Mtu anaangalia mwembe uliolalia paa lake, anaangalia mwarobaini unaoingia kwa jirani, anakumbuka upepo wa mwaka jana, anaingia Instagram na kuandika "bei gani?" Na sisi tunaouza vifaa mtandaoni tunafurahi, maana faida ya chensoo moja unaweza kuitafuta wiki nzima kwenye kava za simu.

Bei iweke wazi kwenye posti, hiyo "njoo inboksi" inachosha watu. Lakini akishasema "naitaka", mimi situmi namba ya malipo mpaka anitumie picha ya mti, na mtu awe amesimama pembeni yake. Huyo mtu ndiye rula yangu. Hapo naona unene wa shina, urefu, nyumba iko upande gani na waya za umeme zimepita wapi. Picha moja tu, lakini imenipunguzia mizigo ya kurudishwa kuliko kitu kingine chochote nilichojaribu.

Tuanze na vile vidogo vya betri, maana ndivyo vinavyouzika na ndivyo vinavyoleta kesi. Bapa lake, yaani ile chuma ndefu inayobeba cheni, ni inchi 4 mpaka 6 hivi. Video ya kiwandani inakionyesha kikipasua gogo kama muhogo. Mteja analipa, anakwenda kuangusha nacho mwashoki mzima, betri inakata pumzi njiani, kesho yake unaitwa tapeli kwenye komenti. Kile ni cha matawi. Tawi la unene wa kifundo cha mkono kinakata safi kabisa. Basi andika hivyo hivyo kwenye posti: cha matawi, si cha kuangusha mti.

Na hizo volti kubwa kubwa za kwenye boksi, 48, 88, usizinakili kichwa kichwa. Chaji betri mpaka ijae, azima mita kwa fundi umeme, pima. Nyingi nilizopima mimi zinasoma 20 au 21, kwa sababu ndani kuna seli 5, na seli ya lithiamu ikijaa ni volti 4.2. Piga hesabu mwenyewe. Mimi naandika 21. Jirani yangu anaandika 88 na anauza haraka kunizidi, sikatai, ila simu za lawama nazo anazipokea yeye.

Shina likiwa nene, hapo ndiyo tunaongea chensoo ya petroli, na hapo wateja wanataka "kubwa kuliko zote". Mwambie bapa likizidi unene wa shina kwa inchi 2 hivi linatosha. Shina la inchi 12 halihitaji bapa la 22, na kwa mtu ambaye hajawahi kushika msumeno huo ukubwa ni hatari. Ile pembe ya juu ya ncha ya bapa ikigusa tawi au ukuta cheni ikiwa inazunguka, msumeno wote unaruka kumrudia mkataji usoni, na ni ghafla mno, mkono hauwahi kuuzuia. Ndiyo maana pale mbele ya mshikio kuna breki. Ukipeleka mzigo, muonyeshe breki kwanza, kuwasha baadaye.

Halafu mafuta. Mashine nyingi zinazorudishwa "imekufa" hazikuuawa na mti. Injini hii inakunywa petroli iliyochanganywa na oili yake. Kitabu kikisema 50 kwa 1, ni mililita 20 za oili kwenye lita 1 ya petroli. Kikisema 25 kwa 1, kama zile za bei nafuu nyingi, ni mililita 40. Akiweka petroli tupu injini inajikaanga na pistoni inakwaruzika, na atakuja kwako akidai waranti. Kwa hiyo nauza kila chensoo pamoja na chupa ya kupimia, nimeichora alama mwenyewe kwa maka peni.

Tangi la pili ni la oili ya cheni, na usishangae mteja akikuuliza "kwani yako mawili?" Wengine wanatia oili chafu ya gari. Ina vumbi la chuma ndani, inakula bapa, na inamrukia mtu nguoni.

Sasa hela yenyewe iko kwenye cheni. Msumeno mtu ananunua mara moja, cheni anarudia. Ila usiuze cheni kwa kuambiwa "ya inchi 20" tu, utatuma ya kwanza, ya pili, nauli ya boda imeisha faida. Unahitaji namba 3: nafasi kati ya meno, unene wa jino linaloingia kwenye mfereji wa bapa, na idadi ya hayo meno ya ndani. Kwenye chensoo nyingi za cc 58 zenye bapa la inchi 20 utakuta .325, .058 na meno 76. Ya inchi 18 ni meno 72. Mara nyingi zimechapwa kwenye bapa lenyewe, upande wa injini, apige picha akutumie. Cheni ya .325 inanolewa na tupa ya duara ya milimita 4.8, weka moja kwenye mzigo. Msumeno mkali unatoa chembe za mti. Ukianza kutoa unga, umeisha makali.

Kuna mama mmoja wa Goba alinitumia picha ya mwarobaini mrefu, waya za umeme zimepita katikati ya matawi, bati la nyumba liko chini yake. Akasema, "Baba watoto atapanda na ngazi, mwanangu." Nikamwambia mama, huu usinunulie msumeno. Waone TANESCO kuhusu matawi ya kwenye waya, uliza serikali ya mtaa kama kibali kinahitajika, halafu tafuta wakataji wanaopanda na kamba na kuushusha kipande kipande. Akauliza, "Kwa hiyo hutaki hela yangu?" Nilikuwa naitaka sana, kodi ya fremu ilikuwa wiki ile ile. Hakunijibu tena. Pengine alinunua kwa mwingine. Hata hivyo mtu wa ngazi bado simuuzii.

Ujumbe ninaotuma na kila mzigo nimeuhifadhi kwenye WhatsApp, nakili ukipenda: "Habari ndugu mteja. Vaa miwani, glovu na buti. Usikate ukiwa juu ya ngazi, wala usinyanyue msumeno kupita bega. Tawi zito anza kulikata kidogo kwa chini, ndipo umalizie juu, lisichane ganda. Watoto wakae mbali, mara mbili ya urefu wa mti. Zima injini kabla ya kukaza cheni. Ukikwama, usilazimishe, nipigie."