Saketi Inayopangwa Upya

Ukisimama stesheni ya Makambako, kwenye reli ya TAZARA, huenda ukaona treni ya mizigo ikiingia njia ya pembeni kuipisha ya abiria. Reli zilishatandikwa zamani. Kinachosogea ni pointi tu, yaani vipande vya reli vya kubadilishia njia, na safari nzima inabadilika.

Chipu iitwayo FPGA hufanya kazi kwa namna hiyo. Nyaya zake na vijisaketi vyake huwekwa kiwandani, kisha mhandisi huandika faili inayoamua swichi ipi ifungwe na ipi iachwe wazi. Prosesa ya kawaida hupokea amri na kuzitekeleza. Chipu hii hujigeuza kuwa kazi yenyewe, hatua nyingi zikienda kwa pamoja. Kesho ukileta kazi nyingine, unaipanga upya. Gerald Estrin wa chuo kikuu cha UCLA alilitoa wazo hili mwaka 1960, lakini ilibidi kusubiri hadi 1985 ndipo kampuni ya Xilinx ilipoleta chipu ya kwanza ya aina hii sokoni.

Profesa Alan George ameligeuza wazo hilo kuwa kazi ya maisha. Akiwa Chuo Kikuu cha Florida, mwaka 2007 alianzisha CHREC, kituo cha utafiti kilichowaunganisha wanavyuo, viwanda na serikali. Humo ilizaliwa Novo-G, kompyuta kubwa iliyoanza na FPGA 192, ikalinganisha mifuatano ya DNA kwa kasi ya ajabu na umeme kidogo. Hilo la umeme ndilo ninalolithamini zaidi, kwa sababu wengi hudhani kasi hupatikana kwa kurundika mashine tu.

Kisha akaelekea angani, ambako kazi ni ngumu zaidi. Mnururisho wa huko unaweza kugeuza biti moja ndani ya chipu. Kwenye FPGA biti hiyo huenda ndiyo pointi yenyewe: ikigeuka, saketi inakuwa nyingine na jibu linaharibika kimyakimya. Dawa mojawapo ni kuiandika upya ile faili mara kwa mara. Nyingine ni kuifanya kazi moja mara tatu na kufuata jibu la wengi. Februari 2017 kompyuta ya CHREC ilirushwa kwenda Kituo cha Kimataifa cha Anga, na mwaka huohuo George akahamia Chuo Kikuu cha Pittsburgh.

Mkulima wa viazi mviringo Njombe anahusika hapa. Masika yanapokolea, picha nyingi za setelaiti za mashamba yake huonyesha mawingu matupu, na njia ya kuzishusha duniani ni finyu. Kompyuta kama hizi zinaweza kuzichambua hukohuko juu, zikazitupa za mawingu na kuleta zile zinazoonyesha viazi.