Huzuni Isiyokwisha na Tiba Isiyo ya Vidonge

Askari aliyepigwa risasi mguuni hana haja ya kueleza kwamba anaumwa. Damu inaeleza, na wenzake humbeba mpaka kwa daktari. Lakini yuko askari mwingine aliyerudi nyumbani na viungo vyake vyote, ambaye usiku hukaa kitako kitandani akisikiliza mbwa wanaobweka, na mchana hughadhibika kwa sababu sahani imeanguka jikoni. Huyo habebwi na mtu. Mke wake huambiwa na majirani kwamba mume amelogwa, au kwamba waragi imemharibu, na wakubwa wake pengine humwandika kuwa mvivu. Makala haya yanamhusu huyo wa pili, na pia mke, mume au mtoto anayeishi naye. Yako matibabu ya ugonjwa wake ambayo si vidonge wala sindano. Matibabu hayo yamepimwa kwa uangalifu ule ule unaotumika kupima dawa, na baadhi ya vipimo hivyo vilifanywa hapa hapa Uganda.

Ugonjwa wenyewe si mgeni majeshini. Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, daktari Mwingereza Charles Myers aliandika katika jarida la Lancet habari za askari waliopungukiwa nguvu za kuona na kukumbuka baada ya makombora kupasuka karibu nao, ingawa miili yao haikuonyesha jeraha la kutosha kuleta hasara hiyo. Wengi wa namna yao walihesabiwa kuwa waoga. Siku hizi wataalamu hutofautisha hali mbili ambazo mara nyingi hufuatana. Moja ni mshtuko unaobaki baada ya tukio la kutisha, ambapo mtu huliona tukio hilo tena na tena bila kulitaka, katika ndoto na hata akiwa macho. Ya pili ni sonona, yaani huzuni nzito inayodumu majuma mengi na kumwondolea mtu usingizi, hamu ya chakula na nguvu za kufanya kazi.

Msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza, mtu atajuaje kwamba mazungumzo yanatibu? Huzuni nyingine huondoka zenyewe kwa kupita siku. Kwa hiyo mshauri akisema kwamba alizungumza na wagonjwa kumi na saba kati yao wakapona, hajathibitisha neno lolote, kwa maana pengine wangepona hata bila yeye. Njia ya haki ni kuwagawa wagonjwa wanaofanana kwa kura, upande mmoja upate tiba na upande wa pili usiipate kwanza, kisha wote wapimwe kwa maswali yale yale, kwa muda ule ule. Ndivyo zinavyopimwa dawa za malaria. Na ndivyo ilivyofanyika Masaka na Rakai.

Wilaya hizo mbili zilikuwa zimepigwa vibaya na ukimwi. Nyumba nyingi zilikuwa zimefiwa zaidi ya mara moja, na vidonge vya sonona vilikuwa ghali, tena madaktari wa kuviandika walikuwa wachache mno vijijini. Watafiti walioongozwa na Paul Bolton kutoka Marekani, wakishirikiana na shirika la World Vision, hawakuanza kwa kuleta jina la ugonjwa kutoka ng'ambo. Waliwauliza kwanza wanavijiji wenyewe wanaita nini huzuni ya namna hiyo. Wakajibiwa kwa Kiganda kwamba kuna yo'kwekyawa, yaani mtu kujichukia nafsi yake, na kuna okwekubazida, yaani mtu kujisikitikia. Dalili walizozieleza wananchi zilikaribiana sana na zile zilizoandikwa katika vitabu vya madaktari. Jambo hili lilinipendeza kuliko mengine yote niliyoyasoma, kwa kuwa wako watu miongoni mwetu wanaodai hadi leo kwamba sonona ni ugonjwa wa Wazungu.

Tiba iliyochaguliwa ilianzishwa Marekani na Gerald Klerman na Myrna Weissman. Msingi wake ni mwepesi kueleza: huzuni nzito mara nyingi imefungamana na jambo lililotokea baina ya mtu na watu wake. Ama amefiwa, ama yumo katika ugomvi usiokwisha, ama maisha yake yamegeuka ghafla, kama vile kupata ugonjwa, kuoa au kuolewa, au kupoteza kazi. Mgonjwa husaidiwa kulitambua jambo hilo, kisha kutafuta hatua anayoweza kuichukua juma hilo hilo, na kurudi juma linalofuata kueleza ilikuwaje. Masaka na Rakai yalifanyika hayo katika vikundi vidogo, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Walikutana mara moja kwa juma, dakika 90, kwa majuma 16. Waliongoza vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji waliojua lugha, nao walifundishwa kazi hiyo kwa majuma mawili tu.

Vijiji 30 viligawanywa kwa kura, na matokeo yakatangazwa mwaka 2003. Kabla ya tiba, asilimia 86 ya watu wa vikundi vya mazungumzo walikuwa na sonona kamili, na katika vijiji vya kulinganishia ni asilimia 94. Baada ya majuma yale 16, waliobaki na sonona katika vikundi walikuwa asilimia 6.5. Katika vijiji vya kulinganishia walikuwa asilimia 54.7. Tazama hesabu hiyo ya mwisho kwa makini, ndugu msomaji. Hata pasipo tiba kuna waliopata nafuu, na ndiyo sababu kura na ulinganisho vilikuwa vya lazima. Tofauti iliyobaki ni kubwa mno kuitwa bahati. Miezi sita baadaye watafiti walirudi kuwauliza tena, wakakuta asilimia 11.7 upande mmoja na asilimia 54.9 upande wa pili.

Kipimo hakikuishia kwenye kuuliza nani analia na nani halii. Watu waliulizwa pia kazi zao za kila siku zinakwendaje, kwa orodha iliyotungwa na wanavijiji wenyewe. Kwa wanawake ilikuwa kulima, kupika, kufua, kutunza watoto na kujiweka safi. Kwa wanaume ilikuwa pamoja na kulima na kusimamia nyumba, na kwa wote ilihesabiwa kushiriki mambo ya kijiji kama vile mazishi. Waliotibiwa walirudia kazi hizo kuliko wenzao. Kila mama wa nyumba anajua maana yake sufuria ikirudi mekoni.

Lakini si kila mahali tiba hii ilifaulu sawasawa, na makala yanayoficha hilo hayamsaidii mtu. Matokeo mengine yaliyotangazwa mwaka 2007 yalihusu vijana 314 wa Kiacholi, wenye umri wa miaka 14 hadi 17, walioishi katika kambi mbili za watu waliokimbia vita katika wilaya ya Gulu. Wasichana waliokaa katika vikundi vya mazungumzo walipata nafuu kubwa. Wavulana hawakupata nafuu ya kutosha kuhesabiwa. Mimi nafikiri, na haya ni mawazo yangu, kwamba mvulana aliyelelewa akiambiwa mwanamume halii hawezi kufunguka mbele ya wenzake kwa majuma machache. Ingawa wanaume wazima wa Masaka waliweza, tofauti hiyo yafaa ikumbukwe na kila baba anayesoma ukurasa huu akiwa na mtoto wa kiume chumba cha pili.

Kwa mshtuko wa vita iko tiba nyingine, iliyotungwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, na ikapimwa katika makao ya wakimbizi ya Nakivale, kusini mwa Mbarara. Mgonjwa hupewa kamba, mawe na maua. Kamba ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa. Penye jambo jema huweka ua, penye jambo la kutisha huweka jiwe. Kisha, siku baada ya siku, akiwa na msikilizaji aliyefundishwa, husimulia maisha yake kwa taratibu, na wakifika penye jiwe hawaliruki. Husema aliona nini, alisikia nini, mwili wake ulifanya nini, tena ilikuwa mwaka gani na mahali gani. Nia yake ni kwamba tukio lililokuwa likimrukia usiku kama kwamba linatokea sasa hivi lipate mahali pake katika kamba, nyuma yake, miongoni mwa mambo yaliyopita.

Wasikilizaji wa Nakivale walikuwa wakimbizi wenyewe, waliofundishwa kwanza. Waliohudumiwa ni Wanyarwanda na Wasomali 277. Katika matokeo yaliyotangazwa mwaka 2008, asilimia 70 ya waliosimulia kwa njia hii hawakuonekana tena kuwa na ugonjwa wa mshtuko. Miongoni mwa waliopewa ushauri wa kawaida ilikuwa asilimia 65, na miongoni mwa waliofuatiliwa tu bila tiba ilikuwa asilimia 37. Yaani mawe na maua hayakuushinda sana ushauri wa kawaida uliotolewa vizuri, bali vyote viwili viliushinda upweke.

Na mitambo je? Tumezoea kuamini kwamba kitu chenye waya na taa lazima kishinde kitu cha mdomo. Huko Marekani, tangu miaka ya 1990, wataalamu wametengeneza miwani ya kompyuta ambayo askari akiivaa huona mandhari ya vita iliyotengenezwa, akasikia na helikopta, ili azoee kumbukumbu zake akiwa salama chumbani pamoja na mganga wake. Mwaka 2016 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa askari 162 wa nchi hiyo waliopigana Iraq au Afghanistan. Wengine walitibiwa kwa miwani, wengine kwa kufumba macho tu na kusimulia, wengine wakangoja zamu. Tiba zote mbili zilishinda kungoja. Ila miwani haikushinda masimulizi, na baada ya miezi mitatu na miezi sita wale waliofumba macho ndio waliokuwa na hali bora zaidi. Gharama ya miwani msomaji aikadirie mwenyewe.

Hata hivyo chombo kidogo chaweza kufaa mahali pasipo na wataalamu. Katika makazi ya Rhino Camp, magharibi ya Nile, wanawake 694 waliokimbia kutoka Sudan Kusini waligawanywa kwa kura. Upande mmoja walikusanyika 20 hadi 30 kwa pamoja, mara tano, wakasikiliza mafundisho yaliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, na kila mmoja akapewa kitabu cha picha. Mafundisho hayo yalihusu jinsi ya kutulia mawazo yanapochafuka na jinsi ya kuyatazama mawazo mabaya bila kupigana nayo. Kazi ya kiongozi ilikuwa kuendesha chombo na kuongoza mazoezi. Matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba dhiki yao ilipungua kuliko ya wenzao, ingawa baada ya miezi mitatu tofauti ilikuwa imepungua. Kwa maoni yangu hiyo ni huduma ya kwanza nzuri, mfano wa kitambaa kinachofunga jeraha kabla ya kufika hospitali.

Sasa tuje nyumbani. Mgonjwa anayesikia sauti zisizokuwapo, au anayekaa siku kadhaa bila kulala huku akijiona ana nguvu kupita watu wote, au mwenye kifafa, anahitaji dawa za hospitali, na hakuna hata neno moja hapa linalomruhusu kuziacha. Mazungumzo yataongezwa juu ya dawa.

Bibi ambaye mume wake amerudi kutoka operesheni, au bwana ambaye mke wake ni polisi na ameona ajali ya kutisha barabarani, asimkalishe mwenziwe usiku wa kwanza na kumlazimisha aseme yote. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba kumsimulisha mtu mara moja tu, punde baada ya tukio, hakuzuii ugonjwa. Usiku huo chakula, maji ya kuoga, usingizi na utulivu vinatosha. Akitaka kusema, asikilizwe bila kukatizwa. Lakini mwezi ukipita naye bado anashtuka mlango ukigongwa, anawakwepa watoto, anakunywa ili alale, hapo aende zahanati ya kambi au kituo cha afya, na ikibidi apelekwe mpaka Butabika, Kampala. Afuatane na mtu wa nyumbani. Huyo aeleze hali ilianza lini, mgonjwa hulala saa ngapi, na hunywa kiasi gani, maana wagonjwa wengi hupunguza hesabu hiyo ya mwisho. Tena aulize kama kuna mtu aliyefundishwa tiba ya mazungumzo.

Limebaki moja, nalo latuhusu sisi watu wa kambini kuliko raia. Mtu akitaja kufa, hata kwa mzaha, bunduki isilale nyumbani. Mwaka 2006 jeshi la Israel liliamuru askari vijana waache bunduki zao kambini wanapokwenda nyumbani mwisho wa juma, na waliojiua wakapungua kwa asilimia 40 hivi. Upungufu huo ulikuwa zaidi wa siku za mwisho wa juma, na siku za kazi hazikubadilika sana. Mke anayeogopa kumwambia mumewe neno hilo amwendee afande wake, au mke wa afande, silaha irudishwe ghalani usiku huo huo, na asubuhi wafuatane zahanati.