Rangi mpya, mabomba ya kale: Ghorofa za kukodisha zinapogeuzwa za kuuzwa

MPANGAJI anaporejea jioni na kukuta ghorofa aliyoishi kwa miaka 10 ikipakwa rangi, wazo la kwanza linalomjia ni kwamba kodi itapanda. Wakati mwingine hali huwa nzito kuliko hiyo. Mwenye jengo ameamua kuliuza, si kwa mnunuzi mmoja, bali nyumba moja baada ya nyingine, na rangi hiyo ndiyo mwanzo wa ukarabati na, kwa bahati mbaya, karibu ndiyo mwisho wake.

Kugeuza ghorofa ya kukodisha kuwa nyumba za kumilikiwa na watu binafsi si kosa. Katika jiji kama Nairobi, ambako kiwanja ni ghali na ujenzi huchukua miaka, jengo lililosimama imara laweza kumpa mfanyakazi wa kipato cha wastani nafasi ya kuacha kulipa kodi. Tatizo ni jinsi kazi yenyewe inavyofanywa. Majengo mengi yanayopitia mkondo huu hubaki na umbo lile lile la awali, ila limefunikwa. Mpita njia hulitambua hilo hata kabla ya mnunuzi kukabidhiwa funguo.

Ili kuelewa kiini cha sura hiyo mbaya, yafaa kurudi kwenye mchoro wa kwanza. Jengo la kukodisha huchorwa kwa kufuata hesabu moja: nyumba ngapi zitaingia katika kiwanja hiki, na kila moja italeta kodi kiasi gani? Ndiposa utakuta ushoroba mwembamba usio na mwanga, milango ikitazamana pande zote mbili. Utakuta jikoni isiyowatosha watu wawili, na chumba cha kulala ambacho dirisha lake hufungukia uwazi wa hewa unaotumiwa na majirani wote, hivi kwamba harufu ya omena wanaokaangwa chini humfikia aliye juu kabla ya kufika mezani. Mabomba ya maji taka hupitishwa nje ya ukuta kwa kuwa ndiyo njia ya bei nafuu. Kamba za kuanikia nguo huwekwa juu ya paa, kando ya matangi ya maji, kwa sababu hakuna mahali pengine palipotengwa.

Kwa mpangaji, kasoro hizi huvumilika. Akichoka, huita mkokoteni au lori na kuhama mwisho wa mwezi. Lakini kwa aliyechukua mkopo wa miaka 20 ili anunue nyumba iyo hiyo, ushoroba ule wenye giza sasa ni wake mpaka uzeeni.

Ukarabati unaofanywa kabla ya mauzo kwa kawaida huzingatia mambo yanayoonekana kwenye picha. Dari la jipsamu huning'inizwa sebuleni pamoja na taa ndogo za kumeta. Kabati mpya za mbao za kubanwa hutiwa jikoni. Vigae vinavyong'aa hubandikwa juu ya sakafu ya zamani bila kuing'oa, na hapo ndipo mwenye jicho kali huanza kuona mambo. Sakafu huinuka kidogo, milango ikakatwa chini ili ifunguke, na kile kizingiti kilichokuwa kikizuia maji ya bafuni hupotea. Mvua ya kwanza ya bafuni humwonyesha mwenye nyumba njia mpya ya maji kuelekea chumba cha kulala.

Nje mambo ni yayo hayo. Madirisha ya upande wa barabarani hubadilishwa yakawa ya alumini, huku ya nyuma yakiachwa na fremu zile zile za chuma zenye kutu. Kuta za mawe ya kuchonga, ambayo kwa kweli ni mojawapo ya mapambo bora ya majengo ya zamani ya Nairobi na ambayo yangependeza zaidi kama yangeoshwa tu, hufunikwa kwa plasta na kupakwa rangi ya kijivu. Miaka michache baadaye rangi hiyo huchubuka na jengo likawa na madoa kama ngozi iliyoungua. Ni gharama iliyotumika kuharibu kitu kilichokuwa kizuri.

Hata hivyo, ubaya wa sura ungesameheka iwapo shida ingeishia hapo. Sura hiyo ni dalili ya yaliyo ndani ya kuta. Katika majengo mengi ya zamani maji hupita katika mabomba ya chuma ambayo hula kutu kwa ndani hadi njia ikawa nyembamba kama mrija. Bomba moja la wima huhudumia mabafu yote yaliyopangana kutoka chini hadi juu, na aghalabu hakuna vali ya kufunga nyumba moja pekee. Fundi akitaka kurekebisha mfereji wa ghorofa ya pili, jengo zima hukosa maji. Mita ya maji ni moja, na pampu ya kusukuma maji hadi paani ni moja. Mambo haya yalifaa palipokuwa na mwenye jengo mmoja na msimamizi mmoja mwenye simu ya fundi. Yakigawiwa wamiliki 24, yanakuwa chanzo cha ugomvi wa kila juma.

Sheria nayo inaongeza uzito wa jambo hili, ingawa wanunuzi wengi hawaisomi. Kwa muda mrefu nyumba za ghorofani nchini Kenya ziliuzwa kwa mikataba mirefu ya kukodi, mingi ikikaribia miaka 99, huku ardhi na maeneo ya pamoja yakibaki chini ya kampuni ya usimamizi ambayo wanunuzi walipewa hisa zake. Sheria ya kugawa majengo katika sehemu zenye hatimiliki ilikuwapo tangu 1987, ila haikutumika sana. Mahali pake pamechukuliwa na Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020, iliyoanza kutekelezwa Desemba 28, 2020.

Chini ya sheria hii, mpimaji ardhi aliyeidhinishwa hutayarisha ramani ya jengo inayoonyesha kila nyumba, na ramani hiyo huidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji Ardhi kabla ya kusajiliwa. Ikishasajiliwa, hatimiliki ya awali ya kiwanja hufungwa, kila nyumba hupata hatimiliki yake, na wamiliki wote huwa shirika moja lenye wajibu wa kutunza mali ya pamoja. Iwapo ardhi ni ya kukodishwa kutoka kwa serikali, muda uliosalia haupaswi kupungua miaka 21.

Lakini ni kipi hasa anachomiliki mtu aliye na hatimiliki ya nyumba ya ghorofa ya tatu? Isipokuwa ramani iwe imeeleza vingine, sehemu ya ukuta, sakafu au dari la mpakani iliyo mali yake pekee ni ule umaliziaji wa upande wa ndani: plasta, vigae na vibandiko vingine vya namna hiyo. Ukuta wenyewe, paa, nguzo, ngazi na mabomba yanayohudumia wengi ni mali ya wote. Kwa maneno mengine, muuzaji aliyetumia fedha zake kwa plasta na vigae amekarabati sehemu ndogo anayomuuzia kila mtu, na akawaachia wote kwa jumla mzigo wa vitu ambavyo hakuvigusa.

Mzigo huo hulipwa kupitia ada ya huduma, na hapa ndipo hesabu hupotoka tangu siku ya kwanza. Ili kuwavutia wanunuzi, ada hutangazwa kuwa ndogo. Chukua mfano wa jengo lenye nyumba 24 ambapo kila mmoja anatakiwa kutoa Sh3,000 kwa mwezi. Hizo ni Sh72,000, endapo wote watalipa. Kutoka kwazo hulipwa walinzi wa mchana na usiku, mfagiaji, uzoaji taka, na stima ya ngazi na pampu. Hakuna kinachobaki kwa ajili ya paa. Paa likivuja, anayelowa ni mmiliki wa juu kabisa, na aliye chini haoni haraka yoyote ya kuchanga.

Aidha, ukosefu wa usimamizi huirudisha ile sura mbaya kwa mlango wa nyuma. Mmiliki mmoja huziba roshani yake kwa vioo vya buluu ili apate chumba cha ziada. Wa chini yake huiziba kwa mabati. Wa tatu hutia vyuma vya rangi ya kijani. Kila mmoja hupandisha tangi lake paani kwa kuwa hana imani na lile la pamoja. Baada ya miaka mitano uso wa jengo hufanana na nguo ya viraka iliyoshonwa na mafundi wasioonana. Kisheria ukuta wa nje ni wa wote na hakuna mmoja mwenye mamlaka ya kuubadilisha apendavyo, lakini shirika lisilokutana haliwezi kumkataza yeyote.

Kenya haiko peke yake katika haya. Katika jimbo la Florida nchini Marekani, hasa kati ya 2004 na 2006, wawekezaji walinunua majengo ya kukodisha, wakatia meza za jikoni za graniti na majokofu mapya, kisha wakaziuza nyumba moja moja. Bei za nyumba zilipoporomoka kuanzia 2007, baadhi ya majengo yalibaki nusu yameuzwa na nusu matupu. Waliokuwa wamenunua walijikuta wakibeba ada za nyumba zisizo na watu, na baadhi ya majengo hayo yalirudishwa kuwa ya kukodisha.

Ajabu ni kwamba Florida ilikuwa na sheria ya kina kuhusu suala hili. Anayegeuza jengo huko anatakiwa kuwafichulia wanunuzi hali na umri wa paa, mihimili, mabomba na mfumo wa stima, na pia kutenga akiba ya matengenezo au kutoa dhamana ya vitu hivyo. Mpangaji aliyeishi humo kwa angalau siku 180 ana haki ya kubaki kwa siku 270 baada ya kupewa notisi, na hupewa siku 45 za kuamua iwapo atanunua nyumba yake kabla ya mtu mwingine. Soko lilianguka licha ya hayo, lakini angalau mnunuzi alikuwa na karatasi ya kusoma.

Mfano wa kutisha zaidi kutoka jimbo hilo ulikuja baadaye. Juni 24, 2021, jengo la Champlain Towers South mjini Surfside liliporomoka usiku na kuua watu 98. Halikuwa jengo la kugeuzwa, kwani lilijengwa mwaka 1981 kwa ajili ya wamiliki. Ila kwa muda mrefu wamiliki hao walikuwa wamevutana kuhusu gharama ya matengenezo ya pamoja, ambayo ilikuwa imefikia takriban dola milioni 15. Mwaka uliofuata jimbo hilo liliagiza majengo ya aina hiyo yenye ghorofa tatu au zaidi yakaguliwe yanapozeeka, na akiba ya matengenezo makuu isiweze kuepukwa kwa kura ya wamiliki.

Kwa mpangaji wa Nairobi, kinga ni haba mno. Sheria ya Kudhibiti Kodi huwalinda wanaolipa kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho hakuna ghorofa yenye vyumba viwili mtaani Kileleshwa au South B itakayokipata. Anayelipa kila mwezi bila mkataba mrefu aweza kutolewa kwa notisi ya mwezi mmoja. Watoto wakiwa katikati ya muhula, hilo ni pigo lisilofidiwa na rangi yoyote.

Si kwamba kazi nzuri haiwezekani. Jengo likiwa tupu, mabomba yote ya wima yanaweza kung'olewa na kuwekwa mapya, kila nyumba ikapewa vali na mita yake. Nyumba mbili ndogo zinaweza kuunganishwa ziwe moja yenye dirisha pande zote mbili, hatua inayopunguza idadi ya nyumba za kuuza lakini inayoupa ushoroba mwanga. Kazi kama hiyo huhitaji idhini ya kaunti na mhandisi wa kuthibitisha ni kuta zipi zinazobeba uzito. Muuzaji wa haraka huiepuka kwa sababu hizo mbili.

Anayefikiria kununua anaweza kujua mengi bila kuwa mhandisi. Apande hadi paani na kutazama matangi na mifereji ya mvua. Azunguke nyuma ya jengo, mahali ambapo picha za tangazo hazikupigwa. Afungue maji ya jikoni na bafuni kwa wakati mmoja, saa moja asubuhi wakati majirani pia wanaoga. Aulize kama ramani ya jengo imesajiliwa, na kama shirika la wamiliki lina akaunti ya benki ambayo si ya muuzaji. Kisha azungumze na msimamizi wa jengo, yule aliyekuwepo tangu enzi za wapangaji. Yeye ndiye anayejua ni ukuta upi huwa na unyevu kila Aprili.