Manjano Kuua Seli Maabara Si Tiba ya Saratani

Swali ni lilelile, kila kliniki: "Daktari, si imethibitishwa kwamba manjano yanaua seli za saratani?" Ndiyo, imethibitishwa, ndani ya kisahani cha maabara. Chumvi ikizidi nayo huziua humo. Spiriti huziua. Jiki huziua kwa dakika chache. Ndani ya kisahani hamna utumbo, ini wala damu. Mtafiti humwaga anachotaka kwa kiasi anachotaka. Ulizeni hivi: je, kiasi hicho hufika kwenye uvimbe wa mtu aliye hai, na je, huziacha salama seli zake zisizo na saratani?

Hakifiki. Rangi ya manjano, kurkumini, ni kama gramu 3 tu katika kila gramu 100 za unga. Majaribio mengi ya seli huitumia kwa ukolezi wa mikromola 10 hadi 50. Mwaka 2001 watafiti wa Taiwan walichapisha matokeo ya wagonjwa waliomeza hadi gramu 8 za kurkumini kwa siku: kwa wastani, kilele chake kwenye damu hakikufika mikromola 2. Gramu 8 ni zaidi ya robo kilo ya unga, kila siku. Wewe unakoroga kijiko kimoja kwenye maziwa! Na pilipili manga? Inaongeza kinachopenya, lakini kuzidisha kiasi kinachokaribia sifuri hakukupi dozi.

Isitoshe, kurkumini huvuruga vipimo vyenyewe. Vipimo vingi vya uhai wa seli husoma rangi au mwanga. Kurkumini ina rangi yake na hung'aa ikimulikwa. Hushikamana ovyo na protini, na katika maji yenye joto la mwili, yasiyo na seramu, takriban asilimia 90 huvunjika ndani ya nusu saa. Mwaka 2017 Kathryn Nelson na wenzake huko Marekani walipitia ushahidi, yakiwamo majaribio zaidi ya 120 kwa binadamu. Walihitimisha kuwa hakuna hata moja lililofanikiwa kati ya yale ambayo mgonjwa na daktari hawakujua nani kapewa dawa bandia.

Msiseme nadharau mimea. Vinkristini, dawa ya saratani, hutoka kwenye lile ua la Madagaska linalopandwa uani. Lakini ilichujwa, ikapimwa, na huingizwa kwenye mshipa kwa dozi ambayo kwa kawaida haizidi miligramu 2. Kutafuna majani yake ni kula sumu.

Basi, kwa haraka: manjano kwenye mchuzi, kula. Vidonge vyake vikali, acha. Vimewaharibu watu ini. Binti apate chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya shingo ya kizazi; mama apimwe shingo ya kizazi. Uvimbe usioisha, kidonda kisichopona, damu isiyo ya kawaida: hospitali, wiki hii. Na kama uko kwenye tibakemikali na unameza kitu chochote cha mitishamba, mwambie daktari wako kabla ya dozi inayofuata.