Je, Wajua? Milimita Nane Zaweza Kupanua Chumba

Lenzi inayouzwa pamoja na kamera nyingi za Canon za bei ya chini huanzia milimita 18. Ukishuka hadi 10, pembe ya picha hupanuka kutoka nyuzi 74 hivi hadi 107. Milimita nane tu, na sebule nzima inaingia! Kwenye lenzi ya milimita 200, nane hizohizo usingezitambua.

Mwaka 2014 Canon ilitoa lenzi ya 10–18 kwa dola 299. Uzito wake ni gramu 240. Ile ya 10–22 iliyoitangulia ina gramu 385.

Tundu dogo la mwanga la hiyo 10–18 huwatia wanunuzi hofu ya bure. Ukiwa kwenye milimita 10, weka f/8, lenga kitu kilicho mita moja mbele yako. Kuanzia nusu mita hadi upeo wa macho, kila kitu kitatoka wazi. Usiku, kizuia mtikisiko cha lenzi hiyo huokoa picha za majengo. Watoto wanaokimbia hakiwaokoi.

Mwenye Nikon achunguze kwanza kama lenzi inaoana na kamera yake. Lenzi ya Nikon ya 10–20 ya mwaka 2017, yenye alama AF-P, hailengi kabisa kwenye kamera za D90 wala D3000, hata kwa mkono.