Mielekezo ya Jumla na Suala la Kuwapo kwa Kima cha Chini kati ya Manifoldi

1. Utangulizi

Matatizo mengi ya hisabati na fizikia huulizwa kwa namna moja: kati ya njia zote zinazowezekana, ni ipi yenye gharama ndogo kuliko zote? Povu la sabuni lililotandazwa ndani ya pete ya waya hutafuta eneo dogo, na mwanga hupita njia ya muda mfupi. Tawi la hisabati linalochunguza maswali hayo huitwa hisabati ya mageuko. Swali lake la kwanza, ambalo wengi hulipita bila kuliona, ni hili: je, hiyo iliyo ndogo kuliko zote ipo kweli?

Kuwapo kwake si jambo la kudhania. Kati ya namba zilizo kubwa kuliko 0, hakuna iliyo ndogo kuliko zote: ukitaja yoyote, nusu yake ni ndogo zaidi. Namba 0 ni mpaka wa chini wa kundi hilo, lakini haimo ndani yake. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi hali hiyo inavyojitokeza katika mielekezo kati ya manifoldi, na jinsi wanahisabati walivyoitatua kwa kupanua maana ya mwelekezo wenyewe.

Istilahi zinazotumika ni chache. Manifoldi ni umbo ambalo kila sehemu yake ndogo, ikitazamwa kwa karibu, hufanana na bapa au na anga ya kawaida. Mfano wa kwanza ni tufe, yaani ngozi ya nje ya mpira. Mfano wa pili ni ngata, yaani umbo la pete nene kama ile anayoweka kichwani mtu abebaye mtungi; hapa pia huhesabiwa ngozi ya nje tu. Mwelekezo ni kanuni inayoipa kila nukta ya manifoldi ya kwanza nukta moja ya manifoldi ya pili. Nishati ya mwelekezo hupatikana kwa kupima katika kila nukta kiasi cha mvuto, kukipandisha kipeo cha pili, kujumlisha kote, kisha kugawa kwa 2.

2. Funzo la Weierstrass

Katika tasnifu yake ya mwaka 1851, Bernhard Riemann alijenga sehemu kubwa ya nadharia yake juu ya kanuni aliyoiita baadaye kanuni ya Dirichlet. Kanuni hiyo ilichukulia kwamba, kwa kuwa nishati haiwezi kuwa chini ya 0, basi lazima pawepo tendaji lenye nishati ndogo kuliko yote. Mwaka 1870 Karl Weierstrass alionyesha kwamba hoja hiyo ina ufa.

Mfano wake waweza kuelezwa hivi. Mtu anatoka mahali -1 hadi mahali 1, na katika safari hiyo hana budi kupanda kimo cha 2. Gharama katika kila mahali ni kipeo cha pili cha mwinuko, mara kipeo cha pili cha umbali kutoka katikati. Basi kupanda karibu na katikati ni rahisi sana. Akipanda kati ya -0.1 na 0.1 tu, gharama yote ni takriban 0.067, akipanda kati ya -0.01 na 0.01, ni takriban 0.0067. Gharama inakaribia 0, lakini haifiki. Ili iwe 0 kamili, ni lazima mwinuko uwe 0 kila mahali isipokuwa katikati, na mtu wa namna hiyo hapandi kamwe, ila akiruka kwa ghafla.

Riemann alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1866. Matokeo yake hayakuwa ya uongo, lakini kwa miaka 30 kanuni yenyewe ilikosa msingi. Mwaka 1900 David Hilbert aliirudishia kanuni hiyo heshima yake kwa uthibitisho mpya. Mwaka huohuo, katika tatizo la 20 la orodha yake mashuhuri, aliuliza kama matatizo ya kawaida ya mageuko yote yana suluhisho, na akaruhusu kwamba, ikibidi, maana ya neno suluhisho ipanuliwe. Ruhusa hiyo ndiyo mzizi wa yote yanayofuata.

3. Jahazi linalobisha

Mmojawapo wa waliotumia ruhusa hiyo ni L. C. Young, aliyeanzisha mwaka 1937 dhana ya mikondo ya jumla. Maana yake yaweza kuonwa kwa mfano wa chombo cha baharini. Nahodha anayekwenda kinyume cha upepo hawezi kuelekeza omo moja kwa moja penye upepo. Hana budi kubisha, mara kulia, mara kushoto. Tuseme anatakiwa pia asiuache mstari wa katikati ya mkondo. Akigeuza mara 10, anauacha kidogo. Mara 100, kidogo zaidi. Hakuna safari iliyo bora kuliko zote, maana kila moja yaweza kuboreshwa kwa kugeuza zaidi.

Ukitazama kikomo cha safari hizo kama mstari tu, unapata mstari mnyofu unaoelekea penye upepo, jambo ambalo chombo hakiwezi. Young alihifadhi kile ambacho mstari huo unapoteza: katika kila nukta, mkondo wa jumla hubeba mielekeo miwili, nusu ya kulia na nusu ya kushoto. Kitu hicho si safari ya kawaida, lakini ndicho kikomo halisi cha safari zote, nacho hufikia kima cha chini.

4. Ngata na tufe

Kati ya manifoldi mbili hujitokeza ugumu mwingine. Tuchukue mielekezo kutoka ngata hadi tufe lenye nusu kipenyo cha 1. Kila mwelekezo usiokatika una hesabu yake ya kufunika, yaani idadi ya mara ambazo ngata hulifunika tufe, mikunjo ikiondolewa. Hesabu hiyo haibadiliki kwa kuusogeza mwelekezo polepole. Swali ni hili: kati ya mielekezo yenye hesabu ya 1, ni upi wenye nishati ndogo kuliko yote?

Mpaka wa chini unajulikana. Nishati ya mwelekezo haiwezi kupungua chini ya eneo linalofunikwa, na eneo la tufe hilo ni 4π, yaani takriban 12.57. Kuukaribia mpaka huo si vigumu. Chukua kiraka kidogo cha ngata, ukitandaze bila kuharibu pembe hadi kifunike karibu tufe lote. Sehemu yote iliyobaki ya ngata ipeleke karibu na ncha moja ya tufe. Kisha fanya kiraka kiwe kidogo zaidi na zaidi. Kipimo chake kikipunguzwa mara 10, mvuto huongezeka mara 10, na kipeo chake cha pili mara 100. Lakini eneo la kiraka limepungua mara 100. Basi kiraka hakiongezi nishati kwa kuwa kidogo, na jumla inakaribia 4π.

Hata hivyo, mpaka huo haufikiwi kamwe. Mwelekezo wenye nishati ya 4π kamili ungetunza pembe kila mahali na kulifunika tufe mara moja tu, nukta kwa nukta. Hapo ngata ingekuwa tufe, ilhali ngata ina tundu na tufe halina. Mwaka 1976 James Eells na J. C. Wood walithibitisha jambo zito zaidi: hakuna hata mwelekezo wa hamoniki wenye hesabu ya 1 kutoka ngata hadi tufe, vipimo vya urefu viwe vyovyote.

Kinachotokea katika kikomo ni cha ajabu. Kiraka kinasinyaa kuwa nukta, na mwelekezo unaobaki unaipeleka ngata yote kwenye nukta moja ya tufe. Nishati yake ni 0, na hesabu yake ya kufunika ni 0. Nishati ya 4π imetoweka pamoja na tufe zima. Jonathan Sacks na Karen Uhlenbeck walilichunguza tukio hili katika kazi yao ya mwaka 1981, na sehemu inayojitenga hivyo imezoeleka kuitwa povu.

5. Grafu badala ya mwelekezo

Mariano Giaquinta, Giuseppe Modica na Jiří Souček walianza mwaka 1989 kujenga nadharia inayolirudisha povu hilo mahali pake, nao waliikusanya katika vitabu viwili vilivyotoka mwaka 1998. Walitegemea kazi ya Herbert Federer na Wendell Fleming ya mwaka 1960 kuhusu mikondo kamili, iliyokuwa imepanua maana ya uso kwa ajili ya tatizo la povu la sabuni.

Wazo lao ni kuacha kuutazama mwelekezo peke yake na kuitazama grafu yake, yaani mkusanyiko wa jozi zote za nukta na sura yake. Grafu ni uso unaokaa ndani ya anga pana inayounganisha ngata na tufe. Nyuso hizo zina sifa njema: mfuatano wa grafu zenye nishati isiyozidi kiasi fulani huwa na sehemu inayokaribia kikomo, kikomo hicho kinabaki ndani ya kundi, na nishati yake haizidi ile inayokaribiwa na mfuatano. Sifa hizo tatu zikipatikana pamoja, kima cha chini kipo bila shaka.

Katika mfano wa ngata, kikomo cha grafu kina sehemu mbili. Ya kwanza imelala: ni grafu ya mwelekezo unaopeleka kila kitu kwenye nukta moja. Ya pili imesimama: ni tufe zima lililosimikwa juu ya nukta ile kiraka kiliposinyaa. Hesabu ya kufunika ni 0 jumlisha 1, yaani 1. Nishati ni 0 jumlisha 4π. Hakuna kilichopotea, na mpaka wa chini umefikiwa.

Vipimo vya anga vikiongezeka, sehemu zilizosimama huchukua umbo jingine. Haïm Brezis, Jean-Michel Coron na Elliott Lieb walionyesha mwaka 1986, kwa mielekezo kutoka anga ya vipimo 3 hadi tufe, ambayo hutumika kueleza fuwele za majimaji, kwamba kama nukta za mkatiko zimewekwa, mpaka wa chini wa nishati ni 4π mara urefu mfupi kuliko wote wa mistari inayounganisha nukta chanya na hasi. Katika lugha ya grafu, tufe husimama juu ya kila nukta ya mistari hiyo.

6. Faida na gharama

Yafaa kuuliza kama hii si hila ya kubadili swali ili jibu lipatikane. Upanuzi wowote haufai. Kama kundi likipanuliwa kupita kiasi, kima cha chini kitapatikana, lakini kitakuwa hakihusiani na tatizo la awali. Sharti ni kwamba kila kitu kipya kiweze kukaribiwa na mielekezo halisi yenye nishati inayokaribia yake. Katika mfano wa ngata sharti hilo linatimia, kwa kuwa kitu kipya kilipatikana kutoka kwa mielekezo yenyewe.

Gharama ipo pia. Mwelekezo wa jumla unaweza kuwa si mwelekezo, na majibu yanaweza kuwa mengi: tufe lile laweza kusimama juu ya nukta yoyote ya ngata. Kwa hiyo, baada ya kuwapo huja kazi ya pili, nayo ni kujua lini sehemu zilizosimama hazipo. Pengine jibu ni zuri. Eells na Joseph Sampson walithibitisha mwaka 1964 kwamba, kati ya manifoldi funge, kama manifoldi ya pili haina mpindo chanya popote, kila mwelekezo waweza kusogezwa hadi uwe hamoniki. Huko hakuna povu. Tufe lina mpindo chanya, na ndiyo maana linaleta shida.

7. Hitimisho

Tangu Weierstrass, mwanahisabati hawezi tena kusema kwamba kilicho kidogo kuliko vyote kipo kwa sababu tu kinatafutwa. Hana budi kutaja kundi analotafutia, na kuonyesha kwamba vikomo vya kundi hilo havitoki nje yake. Mielekezo ya jumla imepatikana kwa kukubali kila kitu ambacho mielekezo ya kawaida inakikaribia, pamoja na kile kinachoachwa nyuma katika nukta moja. Anayesoma uthibitisho wa namna hii aangalie kwanza mahali hapo: nishati iliyokuwapo katika mfuatano imehesabiwa yote katika kikomo, au kuna sehemu iliyotoweka kimya?