Kwa Nini Rekodi Ndefu Huigandisha Kompyuta?

Wanafunzi wetu wa fonetiki wanaorekodi Kiswahili cha wazee wa Buyenzi, hapa Bujumbura, wametuuliza swali hili mara nyingi: kwa nini programu ya Praat huchora spektrogramu ya neno moja papo hapo, lakini ikiagizwa kuchuja mvumo katika mahojiano ya saa nzima, kompyuta huganda? Mmoja wao alikaribia kuifuta rekodi yake akidhani imeharibika. Haikuwa imeharibika.

Jibu limo katika hesabu iitwayo mgeuzo wa haraka wa Fourier, inayolichambua wimbi la sauti na kuonyesha mitetemo ya chini na ya juu iliyomo ndani yake. James Cooley na John Tukey waliichapisha mwaka 1965, ingawa Carl Friedrich Gauss alikuwa ameibuni mnamo 1805. Kwa sampuli 1,024, njia ya kawaida huhitaji hatua zaidi ya milioni 1. Hii huhitaji takriban 10,000 tu.

Basi kinachochelewesha ni nini? Ni kumbukumbu. Tumfikirie mwalimu anayesahihisha madaftari. Yaliyo mezani huyafikia mara moja. Ya kabatini humlazimu kuinuka. Ya stoo humpotezea asubuhi nzima. Kompyuta nayo ina meza ndogo iitwayo kache, kabati ambalo ni kumbukumbu kuu, na stoo ambayo ni diski.

Saa moja ya sauti, kwa sampuli 44,100 kila sekunde, ni sampuli 158,760,000. Zikijazwa sifuri hadi kipeo cha mbili kinachofuata, zinakuwa 268,435,456. Kila moja ikichukua baiti 8, tunapita gigabaiti 2. Kompyuta yenye gigabaiti 1 hulazimika kukimbilia stoo, na hesabu ikifanywa kwa mpango wa kawaida, data yote hupitiwa raundi 28.

Wataalamu wamepata dawa. Namba hupangwa katika jedwali la safu 16,384 na nguzo 16,384. Kwanza jedwali hupinduliwa, kipande kwa kipande, ili nguzo ziwe safu. Kila safu, ambayo sasa inatosha mezani, hugeuzwa peke yake. Kisha kila namba huzidishwa kwa kizidishi chake, jedwali hupinduliwa tena, safu hugeuzwa, na mwisho hupinduliwa mara ya tatu. Safari za stoo hupungua kutoka makumi hadi chache. David Bailey aliieleza njia hii kwa kina mwaka 1990.

Ushauri wetu kwenu: hifadhini kwanza nakala ya rekodi nzima, kisha ikateni vipande vya dakika tano vinavyopishana kwa sekunde moja, mkichuje kila kipande peke yake. Mashine ikikawia, msifute kitu. Mzee aliyesimulia leo huenda asipatikane kusimulia tena kesho.